Ghorofa refu na ghorofa linalokumbukwa

Mimi ni fundi wa aluminiamu na vioo. Karakana yangu iko Keko, na kazi zangu nyingi ni za mjini: madirisha, milango, na kuvalisha maghorofa vioo kuanzia chini mpaka juu. Pale saiti, wakati wa chai, kuna ubishi usioisha: ghorofa gani la Marekani ndilo kiboko?

Vijana hujibu kwa mita. Wanatoa simu, wanasoma One World Trade Center, mita 541, mjadala umefungwa. Mimi sikubali hata siku moja. Urefu ni sifa ambayo mwingine anaweza kukunyang'anya kesho asubuhi, na ushahidi upo palepale New York.

Mwaka 1929 majengo mawili yalikuwa yanapanda kwa wakati mmoja, kila moja likitaka kuwa refu kuliko yote duniani. Moja ni 40 Wall Street, lililochorwa na H. Craig Severance. La pili ni Chrysler, kazi ya William Van Alen. Wawili hawa waliwahi kuwa washirika kazini, kisha wakaachana. Wakati watu wa 40 Wall Street wanaamini wameshashinda, Van Alen alikuwa ameficha mkuki wa chuma ndani ya kichwa cha jengo lake, unaungwa kimyakimya humohumo. Tarehe 23 Oktoba 1929 ukapandishwa na kufungwa kwa kama saa moja na nusu. Chrysler likafika mita 319. Halafu Mei 1931 likafunguliwa Empire State, mita 381 mpaka paani, na mbio zikaishia hapo.

Sasa angalia nani amebaki mdomoni mwa watu. 40 Wall Street liliachwa kwa kama mita 36 tu, lakini kati ya vijana wangu hakuna aliyewahi kulisikia. Chrysler lilipitwa mapema vilevile, na leo ukimwonyesha mtu kile kichwa chake peke yake, bila jengo la chini, atakwambia ni New York.

Kichwa hicho nimekikuza kwenye simu mara nyingi nikikitazama kama fundi. Ni matao yanayopandana, kila la juu dogo kuliko la chini, na ndani ya matao kuna madirisha ya pembetatu. Anayefanya kazi yangu ajaribu kukata fremu ya pembetatu. Mashine zetu zimezoea digrii 90 na 45. Pembetatu inadai kila kona kipimo chake, mabaki yanakuwa mengi, mpira hautaki kulala kwenye kona kali, na maji ya mvua yanatafuta kona hiyohiyo. Mtu aliyekubali taabu hiyo kule juu, kwa madirisha ambayo mpita njia anayaona madogo kabisa, alikuwa anajua anachokitaka. Na ngozi ya kile kichwa ni stenlesi ya kromiamu na nikeli, haikupakwa rangi. Iliwahi kusafishwa mwaka 1961, kisha 1995, na bado inang'aa. Huku kwetu, upande wa Kivukoni, upepo wa chumvi unaanza kutoa madoa meupe kwenye aluminiamu iliyopakwa vibaya kabla mwenye jengo hajazoea ofisi yake.

Tena Chrysler lina habari ya mwenyewe. Walter Chrysler alikuwa mtu wa magari, basi kwenye kona za ghorofa ya 31 wakaweka mifuniko ya rejeta yenye mabawa, na ghorofa ya 61 vichwa vya tai. Ukiviondoa ukavipeleka kwenye jengo la benki, havina maana.

Empire State nalo nalipenda, kwa sababu nyingine. Zile hatua zake, jengo linavyorudi nyuma kadiri linavyopanda, wengi hudhani ni urembo. Ni sheria. Mwaka 1915 lilimalizika jengo la Equitable, lililopanda wima kutoka ukingo wa barabara na kuulaza mtaa kivulini. Mwaka 1916 jiji likapitisha kanuni: ukitaka kwenda juu, rudi nyuma, jua liwafikie walio chini. William Lamb na wenzake waliichukua kanuni hiyo wakatoa umbo ambalo mtoto wa darasa la pili anaweza kulichora. Mlingoti wa juu ulikusudiwa kufungia meli za angani, lakini upepo wa kule juu ulikataa. Umbo limebaki.

Chicago ndiyo huwa inanimaliza. Sears Tower, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, lina mita 442. John Hancock, la 1969, lina 344. Yote mawili yalifanyiwa hesabu na mhandisi mmoja, Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka. Mimi naona Hancock ndilo kiboko. Limevaa alama kubwa za X kwa nje, na hizo X ndizo zinazolishikilia dhidi ya upepo. Kuna watu wanaoishi mle ndani na chuma cha X kinapita mbele ya dirisha lao. Hakuna aliyekificha. Unasimama barabarani, hujasoma uhandisi, na unaona kabisa jengo limesimamaje. Mwaka 2018 jina la Hancock liliondolewa, na Sears lilishaitwa Willis tangu 2009. Wenyeji wengi wanaendelea na majina ya zamani.

432 Park Avenue, la New York, nalitaja tu kwa sababu vijana hulileta. Paa lake, mita 426, limelipita la Empire State. Madirisha ya mraba, sawa kila upande, basi.

Sasa Dar. Ukivuka na pantoni asubuhi kutoka Kigamboni, jiji lote linakutazama. Maghorofa ya vioo yamejipanga, na yapo niliyoyavalisha mimi. Tafuta lenye kichwa. Jicho langu huishia kwenye mnara wa kanisa la Azania Front na mapaa yake mekundu, jengo la tangu enzi za Mjerumani, fupi kuliko karibu kila kilicho nyuma yake. Na konda wa daladala hatangazi ghorofa la vioo. Anatangaza Posta ya Zamani, Akiba, Faya.

Kioo cha bluu kwenye jua letu la saa tisa ni kununua joto kisha kununua kiyoyozi cha kulitoa. Kivuli kingeweza kuwa ndiyo sura ya maghorofa yetu, kama jua lilivyowapa New York zile hatua. Kijana mmoja aliniuliza, "Mzee, sasa Dar lipi?" Nikamjibu Nkrumah Hall, pale Chuo Kikuu. Si ghorofa hata kidogo, lakini lile paa lake la zege lililopindwa alilijua papo hapo, kwa sababu lilikuwa kwenye noti ya shilingi 500.

Wachoraji mnaosoma hapa, nileteeni pembetatu. Nitazikata. Bei itapanda, na nitakaa na mteja nimweleze ni kwa nini.