Siku Mguu Wangu Ulipopiga Mpira

Juzi tulikuwa tunashuka ngazi na mpwa wangu. Yeye alishafika chini, ananisubiri, akauliza: "Mjomba, mbona kila ngazi unatanguliza mguu wa kushoto tu?"

Nilimjibu kwa kifupi kwamba goti hilo liliumia zamani. Akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi ndiye niliyebaki na swali.

Mimi na yeye tuna himofilia A ileile, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi inavyotakiwa. Aliipata kwa dada yangu, kama mimi nilivyoipata kwa mama. Ila yeye kazaliwa wakati mwingine. Anachomwa emicizumab chini ya ngozi, dawa ya kuzuia kuvuja damu iliyoanza kuidhinishwa mwaka 2017, na magoti yake yote mawili ni membamba, yananyooka, hayana historia. Sisi tuliotangulia tulitafutiwa mshipa mara kadhaa kwa wiki ili tuingiziwe fakta 8, protini ya kugandisha damu inayotupungukia, nayo baada ya saa 12 hivi nusu yake huwa imeshatoweka mwilini.

Goti langu la kushoto damu ililizoea mapema. Damu ikivujia ndani ya kiungo huacha chuma. Utando wa ndani hukifyonza, hunenepa, huota vijishipa vipya vilivyo vyepesi kupasuka, kisha goti linavuja tena kwa sababu ndogo kuliko ya mara ya kwanza. Katikati ya hayo yote gegedu, ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa, inaliwa. Nilipofika miaka 15 nilikuwa na goti nene juu ya muundi mwembamba, na paja lililokonda kwa kutotumika.

Lakini kilichonikunja zaidi ni kusubiri. Wenye hali yetu wanaijua ile dalili ya mwanzo: kabla ya uvimbe na kabla ya maumivu, unahisi kama sisimizi wanatambaa ndani ya kiungo, halafu joto. Ukishaijua, mwili wako wote unakaa macho kuisikilizia. Nilikuwa nikitembea huku nalisikiliza goti. Nikipanda kitanda, nalisikiliza. Na mama alikuwa na neno lake moja, "taratibu," ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akinihudumia alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, mpole, asiyeharakisha jambo. Siku hiyo ya mpira alitupangia mimi na mama kikao mapema, muda mfupi baada ya kudungwa fakta, ili kinga iwe juu. Kwanza aliweka mgongo wa kiganja chake kwenye goti moja, akauhamishia kwenye la pili, akarudia. Lingekuwa la moto, tungerudi nyumbani. Halikuwa la moto. Akachukua goniometa, kifaa cha kupimia pembe ya kiungo, akapima. Akilinyoosha yeye mwenyewe kwa mikono yake, goti lilikuwa linabakiza nyuzi 10 kunyooka kabisa. Nikilinyoosha mimi, lilibakiza 25.

"Hizi kumi ni za kiungo," aliniambia. "Hizi kumi na tano za katikati tutazungumza nazo."

Akanifunga kihisishi, kifaa kidogo kinachofuatilia mwendo wa mguu, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, akanikalisha kwenye kiti kirefu miguu ikining'inia, akanivika miwani ya uhalisia pepe, inayokuingiza katika mandhari ya kompyuta. Ilikuwa nzito, ikinibana mashavuni. Giza kidogo, halafu mwanga, na nikajikuta nimekaa ukingoni mwa uwanja wa nyasi.

Nikainamisha kichwa kutazama chini, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Miguu niliyoiona ilikuwa inalingana. Magoti mawili ya unene mmoja, miundi miwili iliyonyooka, mapaja mawili sawasawa. Nikasogeza muundi wa kushoto, wa kule nao ukasogea. Nikautikisa mguu, ukatikisika. Tangu nianze kujitambua sikuwahi kutazama chini nikaona miguu ya namna hiyo, na sasa ilikuwa inanitii. Sikusema neno. Nadhani yule mtaalamu alielewa, kwa sababu hakunihimiza, aliniacha niitazame.

Kisha mipira ikaanza kuja. Ilikuja polepole ikielea usawa wa magoti, nami nilitakiwa kuisukuma kwa unyayo. Mpira wa miguu, jamani. Kitu ambacho nilikitazama utoto mzima kutoka pembeni, nikiwa nimeshikishwa mashati ya wenzangu.

Wa kwanza ulipita. Wa pili pia. Mguu ulikuwa unafanya ulivyozoea, unaanza kupanda, unasita, unasikiliza. Nikasikia sauti ya mama kutoka nje ya ule uwanja, mahali nisipopaona: "Taratibu, mwanangu."

Mpira uliofuata ulikuja juu zaidi kidogo, na kwa kushoto. Sikuamua chochote. Mguu ulipanda wenyewe, nikauona unyayo ukiugusa mpira, na mpira ukaondoka. Haukuwa na uzito. Hakuna kilichonigonga, hakuna mshtuko uliopanda kwenye mfupa. Ulikwenda mbali juu ya nyasi, na mimi nilikuwa bado nimenyoosha mguu hewani, nautazama unavyokwenda, hadi msuli wa paja ukaanza kutetemeka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nina goti.

Waliponivua miwani, mtaalamu aligeuza skrini ya kompyuta yake kunielekea. Kihisishi kilikuwa kimeandika: zimebaki nyuzi 14. Mama aliitazama ile namba, akanitazama goti, akauliza kama nahisi sisimizi. Sikuwa nahisi. Aliuliza tena tukiwa njiani, na tena usiku, na asubuhi alilizungushia tepu ya kupimia kabla sijashuka kitandani. Lilikuwa lilelile la jana.

Yaliyofuata hayana mengi ya kusimulia. Vikao viliendelea, vingine vigumu. Kuna siku miwani ilinipa kichefuchefu, kuna wiki kifundo cha mguu kilivuja na kila kitu kikasimama hadi kitulie. Gegedu haikurudi, na hakuna aliyeniahidi itarudi. Mazoezi yenye faida kubwa yalikuwa yaleyale ya kawaida ya nyumbani, ya kukaza paja na kuliachia, yasiyo na uwanja wala nyasi. Ila naamini, na naliamini kwa dhati, kwamba bila ule mpira nisingeyafanya. Unamwambia kijana wa miaka 15 aimarishe mguu ambao hajawahi kuuona ukifanya kitu. Atauimarisha kwa picha gani?

Hata hivyo sijawahi kuuona ule woga wa kulisikiliza goti kama adui mtupu. Uliniwahisha kupata dawa mara nyingi, usiku wakati kila mtu amelala, kwa sababu nilisikia sisimizi kabla goti halijajaa. Kijana mwenye kiungo kilichoharibika akijifunza kutokusikiliza kabisa, ataumia. Mtaalamu wangu alilijua hilo. Ndiyo maana baada ya miezi kadhaa aliiweka miwani kabatini, akanikalisha kwenye kiti kilekile na kihisishi kilekile, akasema, "Sasa nipige mpira huku unauona mguu wako mwenyewe."

Nikautazama, na goti lake nene. Nikanyoosha. Ulipanda, lakini ukaishia kwenye 19. Nyuzi hizo tano, kati ya mguu niliouona mle ndani na huu wangu, ndizo tulizozifanyia kazi mwaka mzima uliofuata, na mpaka leo hazijaisha zote.