"Run": kitenzi kisichokaririka

Katika kufundisha Kiingereza, kitenzi ninachoulizwa mara nyingi ni "run", na wanaouliza wana haki. Mwanafunzi hukifahamu mapema kwa maana ya kukimbia, kisha anafungua gazeti na kukuta kinatumika kwa kampuni, kwa programu ya kompyuta, kwa pua na kwa mwanasiasa. Katika toleo la pili la Kamusi ya Oxford, la mwaka 1989, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set", chenye maana zipatazo 430. Wahariri walipokuja kuipitia upya "run" kwa ajili ya toleo la tatu, walifikia maana 645 za kitenzi hicho peke yake, kazi iliyomchukua mhariri Peter Gilliver takribani miezi tisa.

Maana hizo zina mzizi. "Run" ni ndugu wa "rinnen" la Kijerumani, yaani kutiririka, na tangu zamani limebeba mwendo wa miguu na mwendo wa maji kwa pamoja, ndiyo maana mto, bomba na pua yenye mafua hukitumia. Zilipoenea mashine na reli, matumizi yalizidi kupanuka: injini inayofanya kazi "runs", na anayeiendesha "runs it", kama isemwavyo pia kwa anayeendesha duka au kiwanda.

Sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura na tunapiga magoti, wala hakuna aliyetukaririsha orodha ya maana za kupiga. Tulijifunza kila moja pamoja na jina linaloifuata. Nawasihi wanafunzi wajifunze "run" kwa njia hiyohiyo.

Tazama "run out". Mtu anaweza kusema "The sugar has run out", yaani sukari imekwisha, au "We have run out of sugar", yaani tumeishiwa sukari. Katika sentensi ya pili "of" haiachwi. Vilevile ni "have run", si "have ran", kosa ninalolisahihisha karibu katika kila rundo la insha. "Run into" nayo inataka uangalifu, kwa kuwa ikifuatwa na rafiki wa zamani ni kukutana naye kwa bahati, na ikifuatwa na ukuta ni kuugonga.

Kwa upande wa siasa, Mmarekani anayegombea "runs for office", Mwingereza husema "stands", na magazeti ya Kenya yanapenda "vie". Hata hivyo "running mate" limeenea kote, na sisi tunasema mgombea mwenza. Wamarekani walilitoa katika mashindano ya farasi, ambako lilimtaja farasi aliyeingizwa mbioni ili kumwongozea kasi mwenzake wa zizi moja.