Daftari la pampasi

Siku ya tatu ya dawa ya kunywa ya sikio, kijana wangu wa mwaka mmoja na miezi minne alikuwa ameshaharisha mara sita kabla ya adhuhuri. Idadi naijua kwa sababu naandika. Nina daftari la mistari nimeligawa pande mbili: kilichoingia na kilichotoka. Baba yake analiita ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pangani. Akaitazama pampasi, akasema, "Meno hayo, mwanangu. Baba yake alikuwa hivi hivi." Nikaitika, "Ndiyo, mama," maana kubishana na mama mkwe kuna gharama zake, kisha nikatoka uani kumpigia daktari.

Akaniambia dawa ile ni amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki. Hiyo ya pili inawanyang'anya bakteria silaha wanayotumia kuiharibu amoksilini, lakini ndiyo inayovuruga matumbo ya watoto wengi. "Unampa saa ngapi?" Kabla ya kula, nikajibu kwa fahari, nikidhani tumbo tupu ndiyo dawa inakolea. Kumbe ile hupewa mtoto anapoanza kula. Akauliza tena: anakojoa? Akilia machozi yanatoka? Macho yameingia ndani? Kuna damu? Amelegea? Hapana, hapo alikuwa anavuta mkia wa paka. Basi nisikatishe dawa, niendelee kunyonyesha, nimpe ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki.

ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, robo hadi nusu kikombe kila akiharisha. Ikipita siku, mwaga, koroga nyingine. Kuandika ni rahisi. Kijana alifumba mdomo kama chaza. Kikombe alikipiga teke, kijiko alikitemea. Mwishowe nikachukua sirinji isiyo na sindano, nikawa namdondoshea pembeni, ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku tukitazama magari barabarani. Lori likipita, anasahau, anameza. Zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, niliiyeyusha kwenye kijiko cha maziwa yangu. Nusu iliishia kwenye kanga, ikabidi nianze upya.

Akaanza kupata nafuu. Halafu, alfajiri ya siku ya tano, nafungua pampasi: nyekundu. Nilipiga ukelele. Mama mkwe akatoka mbio, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakutaja meno. Tukaingia bajaji na pampasi yenyewe kwenye mfuko wa plastiki.

Muuguzi aliifungua, akaikagua, akauliza jana alikula nini. Nikatoa daftari. Uji wa ulezi. Ndizi. Wali na mchuzi wa samaki. Hakuna chekundu. Mama mkwe akakohoa.

"Nilimpa juisi ya bitiruti. Kikombe kizima. Nilitaka damu irudi."

Daktari alimpima mtoto hata hivyo, kisha akapima na kile choo. Damu hakuna, rangi tu. Kuhara kulikwisha siku mbili baada ya kumaliza dozi.

Daftari sasa lina mwandiko wa watu wawili. Ule uliolalia kulia, wa kalamu nyekundu, ni wa bibi. Jana ameandika: "Uji, vijiko saba. Papai kipande. Bitiruti hapana."