Kazi Zisizoonekana Kwenye Fomu ya Kupandishwa Cheo

Mwalimu wa chuo kikuu hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa, na hakuna ngazi ambayo kanuni zake zinamtaja mwanamume wala mwanamke. Ndiyo maana wenzangu wa kiume hushangaa nisemapo kwamba njia hiyo haiko sawa.

Zamani ubaguzi ulikuwa wazi. Wangari Maathai, mwanasayansi Mkenya aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na kuongoza idara ya anatomia ya wanyama kuanzia 1976, alikuta wahadhiri wanawake walioolewa wakinyimwa stahili za nyumba walizopewa wanaume, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba mke atatunzwa na mumewe. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walisimama kudai stahili sawa. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge. Alipoenguliwa, chuo kilikataa kumrudisha kazini, na nyumba akatakiwa aihame. Kenya ilisubiri hadi 2006, miaka 35 baada ya shahada ile, ndipo chuo kikuu cha umma kikapata makamu mkuu (mtendaji mkuu wa chuo) mwanamke, Olive Mugenda wa Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Masharti ya aina ile yamekwisha, ila kilichobaki ni kigumu zaidi kukithibitisha. Katika kikao cha idara, mwenyekiti akitafuta mtu wa kuandika kumbukumbu, macho yake hutua kwa mwanamke: "Dada, tusaidie." Mwanafunzi aliyefiwa, aliyekwama ada au aliyepata mimba huelekezwa kwa "mama", hata kama mama huyo amejiunga na idara mwaka jana. Kamati ya kumuaga mstaafu, bila shaka, ni yetu. Hizi ni kazi za kweli, na chuo kisingeenda bila hizo, lakini fomu ya kupandishwa cheo huzipa nafasi finyu mno, wakati alama nyingi hutokana na makala zilizochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma. Anayeachiwa jioni zake ndiye anayeandika makala.

Hapo sijagusa uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo na baba siku 3, na tofauti hiyo peke yake inaeleza mengi kuhusu nani anatarajiwa kukesha na mtoto na nani arudi mezani kwake kuandika.

Wapo wanaodhani tunaomba tupunguziwe vigezo. Hapana. Ukatibu wa vikao uwe wa zamu, saa za kuwashauri wanafunzi zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi sawa na saa za kufundisha, na kamati inayopima idadi ya makala za mhadhiri iondoe kwanza kwenye hesabu miezi aliyokuwa kwenye likizo ya uzazi.