Mfuko wa nailoni

Nlikuwa na miaka 19, nasaidia kazi kwenye banda la farasi, na kazi yenyewe ni kuzoa samadi na kubeba maji, farasi nlikuwa nawagusa kwa nadra sana. Sasa siku hiyo upepo ukapeperusha mfuko mkubwa wa nailoni ukapita mbele ya jike mmoja wa kahawia, akaruka, kamba ikamchomoka mzee aliyekuwa anamtunza, akakimbilia kona ya zizi akasimama huko anatetemeka. Mzee goti lilikuwa linamsumbua, akanigeukia mimi. "Kamchukue, ila usimwendee kwa nyuma."

Hilo la nyuma hata mi nlikuwa nalijua, teke la farasi sio mchezo. Nlichokuwa sijui ni kwamba hata mbele kabisa, usawa wa paji la uso, haoni vizuri, maana macho yake yako pembeni. Mi nikamwendea mbele moja kwa moja, mkono nimenyoosha, macho nimemkazia kama namdai. Akainua kichwa, weupe wa jicho ukatokeza, pua zimetanuka, nikadaka kamba nikavuta. Mnyama wa kilo 400 na ushee, unamvuta uende naye wapi? Akajirusha nyuma kamba ikanichubua kiganja, na bahati sikuwa nimeizungusha mkononi, ningeburuzwa zizi zima.

"Legeza mwanangu! Umembana na hana pa kwenda!" Halafu mzee akaongeza, "Na upumue basi."

Kumbe kweli nlikuwa nimebana pumzi muda wote. Nikalegeza, nikasogea usawa wa bega lake la kushoto, nikatazama chini, nikaanza kuongea. Sasa uongee nini na farasi? Nikawa namhesabia ndoo nilizobeba asubuhi, ya kwanza, ya pili, ya tatu ile iliyomwagika, kwa sauti ya chini chini, na kila akinigeuzia sikio narudi hatua moja, mzee ndo alivyokuwa ananielekeza, nikaona ujinga mtupu, unamfuata mtu huku unamkimbia. Ila mara ya nne au ya tano nilivyorudi nyuma yeye ndo akanyoosha shingo kuninusa.

Usimpigepige, mzee akasema, mkune. Nikamkuna pale singa zinapoishia mgongo unapoanza, ndo hapo farasi wenyewe hukunana kwa meno, taratibu taratibu, ngozi mwanzoni ilikuwa inacheza kama imetuliwa na nzi halafu ikatulia. Kichwa kikashuka. Akalamba midomo, akatafuna hewa, akashusha pumzi ndefu kisha akanipigia chafya shati lote.

Nikaanza kumrudisha, kamba imelegea kabisa, najiona fundi. Tukaukuta ule mfuko umenasa kwenye ukingo wa zizi, akagoma. Safari hii sikuvuta, nikasimama nikamwacha autazame, akausogelea kidogo, akarudi, akausogelea tena, mwisho akaugusa kwa pua. Ukalia chwaa! Aliyeruka ni mimi. Yeye akaniangalia tu, na mzee kule alipokaa nikamsikia anacheka mpaka anakohoa.