Nilivyopunguza mitetea 17 wakabaki 11, na mmoja niliyemkosea

Nilianza na mitetea 6 na jogoo mmoja. Banda langu lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, na kwa kuku 7 lilikuwa limewaenea vizuri. Kisha wawili wakaanza kuatamia kwa wakati mmoja, nami kwa furaha nikawawekea mayai wote wawili. Siku ya 21 vifaranga wakaanza kutoboa maganda. Majogoo waliotoka humo hawakunisumbua kichwa. Walipoanza kuwika na kupigana, waliondoka mmoja mmoja. Walionishinda ni mitetea. Walikuwa 11, wazima, wamenawiri, na karibu kila mmoja nilishuhudia yai lake la kwanza. Moyo ulikataa kumtoa kuku niliyemlea tangu siku aliyotoka kwenye ganda.

Basi nikawa na 17. Miezi ya mwanzo nilijiambia kwamba wakiwa wengi mayai yatakuwa mengi. Yalikuwa mengi kwa muda, halafu yakashuka hadi 8 au 9 kwa siku, na chakula hakikushuka hata kidogo. Asubuhi nikifungua mlango wa banda harufu kali kama ya mkojo ilinichoma macho, hata nikibadilisha maranda. Kuku walipanga foleni mbele ya viota vitatu, wengine wakijibana wawili ndani ya kimoja, mayai yakavunjika, na mmoja akajifunza kuyala. Kilichonishtua hasa ni siku niliyomkuta mmoja amejikunja kwenye kona, manyoya ya karibu na mkia yameng'olewa, ngozi inatoka damu, na wenzake watatu wamemzunguka wanadonoa palepale. Kuku wakishaona damu hawaachi. Nilimtoa nikamtenga hadi kidonda kikafunga, na siku hiyo nikakubali kwamba wengine lazima waondoke.

Nilianza na hesabu ya banda, kwa sababu nilitaka idadi ambayo haitegemei huruma yangu. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba ndio mwisho, na banda langu ni mita 3 za mraba, kwa hiyo 12. Fito za kulalia ninazo mbili za mita 1.2 kila moja, na kuku mmoja anahitaji kama sentimita 20, kwa hiyo tena 12. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Nikitoa nafasi ya jogoo, mitetea wangu ni 11. Upande wa chakula, kuku anayetaga hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 18 ni zaidi ya kilo 64 kwa mwezi, 12 ni kilo 43. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikimwaga.

Wa kuondoka ni sita. Ni akina nani?

Kwa macho yangu jibu lilikuwa rahisi. Kulikuwa na mmoja niliyemwita Kipara. Shingo imekaa uchi, mkia umebaki vijiti, mgongo umechakaa, miguu imepauka kama imepakwa majivu. Na kulikuwa na Bibi Harusi, manyoya yanang'aa, miguu ya manjano iliyokolea, mwendo wa madaha. Nikapanga Kipara awe wa kwanza kuondoka. Nilimtia mkononi nikampeleka kwa mama mmoja jirani anayefuga kuku tangu zamani kuliko ninavyokumbuka, nimwombe tu anisaidie kumchinja. Akamgeuza, akamshika tumbo, akanirudishia.

"Mwanangu, huyu usimguse. Nenda kaniletee yule unayemsifia."

Nikamletea Bibi Harusi. Akamgusa kidogo tu. "Huyu anakula bure."

"Mama, mbona ana afya?"

"Afya anayo. Mayai je?"

Akanifundisha pale pale, na tangu siku ile hakuna kitu kwenye ufugaji wangu ninachokitumia zaidi. Unamlaza kuku juu ya mkono wa kushoto, kifua kwenye kiganja, kichwa kikielekea nyuma yako, miguu umeibana kati ya vidole. Kwa mkono wa kulia unatafuta mifupa miwili yenye ncha iliyo pande mbili za tundu la nyuma. Kwa Kipara, vidole vyangu vitatu viliingia katikati ya mifupa hiyo bila shida, na mifupa yenyewe ilikuwa myembamba, ikibonyea kidogo. Tundu lilikuwa pana, lenye unyevu, jeupe. Kutoka kwenye mifupa ile hadi ncha ya mfupa wa kidari nilipima vidole vinne, na tumbo lilikuwa laini. Kwa Bibi Harusi kidole kimoja kiliingia kwa kubanwa. Mifupa ilikuwa minene, imefunikwa na mafuta, na tundu lilikuwa dogo, kavu, limejikunja kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba, na pembeni yake kuna umanjano.

Umanjano huo ndio uliokuwa ukinidanganya. Kwa kuku wenye ngozi ya manjano, rangi inayotoka kwenye chakula huenda kwenye kiini cha yai kuku akiwa anataga, kwa hiyo mwili unapauka. Unaanza kupauka kwenye tundu, kisha kuzunguka jicho, kisha mdomo, na mwisho kabisa miguu. Akiacha kutaga rangi hurudi kwa mpangilio uleule. Miguu ya Kipara ilipauka kwa sababu alikuwa ametaga miezi na miezi bila kupumzika. Manyoya nayo vivyo hivyo. Anayetaga sana huyachakaza kwenye viota na chini ya kucha za jogoo, wala hana nafasi ya kuyabadilisha. Anayeacha mapema huota manyoya mapya mapema, ndiyo maana anang'aa. Nilikuwa karibu kumchinja mtagaji bora na kumbakiza asiyetaga, nikiamini nafanya busara.

Usiku ule nikaingia bandani na tochi. Usiku kuku wametulia kwenye fito, unamchukua mmoja baada ya mwingine bila kukimbizana. Kwa siku mbili niliwapima wote 17, kila niliyempima nikamfunga uzi wa rangi mguuni, umelegea kiasi cha kupitisha kalamu. Kumi na wawili walikuwa wanataga bila shaka. Watano walitia shaka: Bibi Harusi, mweusi mmoja, wa madoadoa aliyekuwa anapukutika manyoya, mwekundu mmoja, na koo wangu mzee aliyevuka miaka minne.

Sikutaka kuhukumu kwa vidole peke yake. Nikagawa kibanda cha pembeni kwa wavu, kila mmoja akapata chumba chake, chakula, maji na kiota, kwa siku 10. Siku 3 za kwanza sikuzihesabu kwa sababu kuku akihamishwa anaweza kusimama kutaga kwa mshtuko tu. Katika siku 7 zilizobaki mwekundu alinipa mayai 5, nikamwomba radhi moyoni na kumrudisha kwa wenzake. Koo alitaga moja. Wengine watatu, hakuna.

Koo nilimbakiza. Ningehesabu mayai tu, angekuwa wa kwanza kutoka. Lakini huyu akikalia mayai hanyanyuki ila kula na kunywa, na hajawahi kukanyaga kifaranga. Kwa mfugaji asiye na mashine ya kuangulia, koo wa namna hiyo ana kazi yake, na kuku mwenye kazi si haki kumtoa.

Kabla ya kuamua juu ya wale watatu niliwapa wote dawa ya minyoo na kuwatibu utitiri, maana kuku aliyenyonywa damu usiku kucha anaweza kuacha kutaga na kosa lisiwe lake. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Ila dawa ina siku za kusubiri kabla nyama haijaliwa, zimeandikwa kwenye lebo, nami nilizisubiri zote na kuongeza nyingine kwa kuwa nilikuwa na shughuli. Tangu nilipowapima kwa vidole hadi siku ya kuchinja zilipita kama siku 40.

Katikati ya siku hizo alikuja mtu kuniomba nimuuzie kuku wa kutaga. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Bibi Harusi, kama yangu yalivyokwenda. Nikamwambia kwamba huyo ni wa nyama, hatagi. Akaona namficha kuku mzuri, akaondoka amenuna. Sijutii. Anayenunua kuku wa mayai ananunua matumaini ya miezi mingi, na kumpa asiyetaga ni kumwibia.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe sikuwapa chakula watatu wale, maji tu, ili gole, yaani mfuko wa chakula wa shingoni, na utumbo viwe vitupu. Nilianza na mweusi. Ndani nilikuta mafuta ya manjano yamejaa, na sehemu ya mayai imesinyaa, vitone vidogo kama punje za mtama. Bibi Harusi alikuwa vilevile. Moyo ukatulia.

Kisha wa madoadoa. Nilipomfungua nikakuta viini vimeshikana kama shada, kimoja kikubwa tayari kama cha yai la kawaida, kinachofuata kidogo kuliko hicho, kingine kidogo zaidi, hadi vidogo kabisa. Chini yake, karibu na tundu, kulikuwa na yai zima lenye ganda gumu. Lingetagwa siku ileile. Nilikaa na lile yai kiganjani, bado lina joto, sikuweza kuendelea na kazi kwa muda.

Nilipompima alikuwa anapukutika manyoya, na kuku akipukutika hutaga kidogo au huacha kabisa kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi miwili au mitatu. Alikuwa amepumzika tu. Katika siku zile 40 alimaliza kuota manyoya, mifupa ikafunguka, akarudi kazini, nami sikumgusa tena kabla ya kunyanyua kisu. Ingenichukua nusu dakika. Siku hizi hakuna kuku anayetoka kwangu bila kupimwa asubuhi ileile, na anayepukutika simhesabu kabisa hadi amalize.

Nyama yao ilikuwa ngumu, ya kulaza mahali pa baridi usiku mzima na kuchemsha kwa moto mdogo saa nyingi. Supu yake ilikuwa nzito kuliko ya kuku yeyote mchanga.

Walibaki 14, na watatu zaidi walipaswa kuondoka, wote watagaji. Hawa nilimpa shemeji yangu aliyekuwa anaanza kufuga. Nilichagua watatu vijana waliolelewa pamoja, kwa sababu kuku mmoja akipelekwa ugenini peke yake hupigwa na kila mtu. Nilimwandikia umri wao na tarehe waliyochanjwa mara ya mwisho dhidi ya mdondo, ugonjwa unaoua kuku, nikamwambia kwamba kama ana kuku wengine asiwachanganye kwa wiki mbili tatu. Niliwatoa usiku, wote kwenye tenga moja. Kwangu waliobaki waligombana siku nne hivi kupanga upya nani anatangulia kula, kisha wakatulia.

Harufu iliisha ndani ya wiki moja. Mayai yaliendelea kuwa 8 kwa siku, siku nyingine 9, sawa na walipokuwa 17. Kipara ameanza kupukutika mwishoni kabisa, baada ya wenzake wote, na hatagi kwa sasa. Nimemwachia nafasi yake kwenye fito.

Wiki iliyopita koo amekaa tena kiotani, amejitanua, ukimsogelea anavimba. Safari hii nimemwekea mayai 6 tu, na shemeji ameshaniambia kwamba mitetea watakaotoka humo ni wake.