Nilikwenda Rotterdam kutafuta kazi, nikakuta Jangwani

Saa moja asubuhi nje ya stesheni ya Delft, Uholanzi, bado ni giza, ndiyo Novemba ya huku, na mvua yake hainyeshi ikaeleweka. Inapeperuka tu mpaka inakuingia kwenye nyusi. Tulikuwa tisa: Waindonesia watatu, Wanepali wawili, Mkolombia, Mghana, Mkenya wa Kisumu na mimi wa Magomeni. Wote tunasoma uzamili wa mambo ya maji. Tulikuwa tumepangiwa siku nzima ya kuzungukia waajiri, tukaambiwa tuvae nadhifu. Nadhifu yangu ilikuwa viatu vya ngozi nilivyonunua Kariakoo. Delft hadi Rotterdam ni robo saa kwa treni, na hiyo robo saa ilitosha soli ya kushoto kufungua mdomo.

Ndani ya behewa hadithi ilikuwa moja tu, zoekjaar. Ndilo jina la kibali cha mwaka mmoja ambacho mtu aliyehitimu huku anaweza kukiomba ili atafute kazi, na ndani ya mwaka huo anafanya kazi yoyote bila mwajiri kuhangaika na vibali. Mkenya alishapiga hesabu zake zote, kodi ya chumba, baiskeli, hata pesa ya kutuma nyumbani. "Dada, mwaka mmoja ni mwingi," akaniambia. "Ni hawa tu watuangalie vizuri." Mimi nilikuwa naangalia soli.

Kutoka stesheni tulitembea kwa miguu, mwenyeji wetu akatupitisha Benthemplein. Ni uwanja wa michezo uliochimbwa chini kama beseni, una ngazi za kukalia pembeni. Siku za kawaida vijana wanacheza mpira wa kikapu. Mvua kubwa ikija, maji ya mitaa ya jirani yanaelekezwa humo, yanakaa, kisha yanatolewa polepole. Umefunguliwa mwaka 2013 na unabeba karibu lita milioni 1.7. Wenzangu wakapiga picha. Mimi nikawaza uwanja wa Kaunda pale klabuni Yanga. Nao unachezewa mpira na unajaa maji, ila hakuna aliyeuchora ujae. (Mimi ni Simba, lakini hilo silisemi kwa kejeli.)

Mwajiri wa kwanza alikuwa kampuni ya wahandisi washauri, ghorofa ya sita. Kahawa, slaidi, picha za miradi ya Jakarta na Bangladesh, maneno mengi kuhusu timu zao changa. Mshahara haukutajwa hata kwa bahati mbaya. Kisha akaingia mzee mmoja, sweta limechakaa viwikoni, akauliza nani ametoka Dar es Salaam. Nikanyoosha mkono. Akafungua karatasi kubwa mezani, na kabla hajaimaliza kuikunjua nikaliona daraja, nikauona mto, nikaiona Magomeni yangu imekaa kulia kwake ilhali mimi nimezoea kuwa nayo kushoto. Ilikuwa ramani ya bonde la Msimbazi. Mradi wa kudhibiti mafuriko yake si siri: Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, na Uholanzi nayo imetia mkono.

"Hapa," akasema, kidole kikiwa palepale, "hili jina lina maana gani?"

"Jangwani? Maana yake ni kwenye jangwa."

Akanitazama. Akaitazama ramani, ambayo sehemu hiyo yote ilikuwa ya bluu. Kisha akacheka mpaka akavua miwani, na Waindonesia wakacheka kwa kuwa yeye kacheka.

Akaniuliza kama nimewahi kuyaona mafuriko yenyewe. Nikamwambia Desemba 2011 nilikuwa darasa la sita. Ndiyo mafuriko ambayo baada yake watu wa mabondeni walipelekwa Mabwepande. Kwetu maji yaliingia alfajiri, mama akatupandisha juu ya kabati sisi wawili na cherehani yake, na yalipotoka yaliacha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa. Nilidhani atanipa pole, kama wafanyavyo wote. Akachukua kalamu.

"Swichi iko kimo gani kutoka sakafuni?"

Sikuwa nakijua kwa namba. Nikasimama kando ya meza, nikafumba macho, nikajiona nawasha ile taa: kiwiko kimekunjwa, mkono usawa wa bega. Akatoa futi mfukoni, akapima kutoka zulia mpaka begani kwangu, akaandika. Kumbe kwenye ramani yake mtaa wetu ulikuwa na alama ya kuuliza.

Basi nikaona mlango ndio huo, nikaingia. Nikamwuliza wanaajiri watu kama mimi? Akasema sana, wanawatafuta. Wapi? Dar es Salaam. Kwa mkataba wa wapi? Akafikicha kiwiko cha sweta. "Wa kule," akasema, kwa upole kabisa.

Mkenya aliangua kicheko tukiwa kwenye lifti, peke yake.

Saa sita kamili tukapewa chakula, yaani mkate baridi na jibini. Kilichoniokoa ni karnemelk, ambayo ni mtindi mwepesi usio na jina lingine kwangu. Nilikunywa glasi tatu. Baada ya hapo tukapitishwa kwenye kampuni ya kuchimba kina cha bandari, dakika ishirini na kalamu ya zawadi, na ofisi moja ya umma ambayo angalau ilisema ukweli: kazi zipo, lakini vikao vyote ni vya Kiholanzi.

Jioni kibasi kikatupeleka Maeslantkering, karibu na Hoek van Holland. Ni malango mawili ya chuma, kila moja mita 210 kwa urefu na mita 22 kwenda juu, yanayoufunga mlango wa mto bahari ikichafuka. Yalizinduliwa 1997. Amri ya kufunga inatolewa na kompyuta. Nyuma ya yote hayo kuna usiku mmoja wa 1953, maji yalipoua Waholanzi 1,836. Tulisimama kwenye upepo tukiyatazama yamelala kwenye gati zake, meupe, hayana kazi. Hakuna aliyeuliza swali la ajira.

Usiku yule mzee akanitumia ramani kwa barua pepe. Aliomba niandikie majina ambayo wakazi wenyewe wanatumia, kwa sababu yale ya kwenye picha za satelaiti hayamsaidii. Nikaketi jikoni bwenini, kiatu kimoja juu ya kipasha joto, nikampigia mama video. Tukaanza daraja la Jangwani: Mchikichini, Suna, Mkwajuni, Hananasif, Kigogo. Mama akawa ananikosoa, hapo si hapo, hapo ni pale palipokuwa na mwembe.

"Na hiyo wanakulipa?" akauliza.

Nikamwambia asogeze simu, simwoni vizuri.